Mawe Saba ya Mama Benite

Mi ni dereva. Miaka kumi na tisa nawapeleka wageni kutoka Bujumbura kwenda kuangalia vitu vya zamani, na niseme ukweli, vitu vya zamani vimenichosha. Jiwe ni jiwe. Ngoma nayo, ukiisikia mara mia nne, inakuwa kelele za kukunyima usingizi wa mchana. Lakini mtu akiyadharau mawe ya Rutare mbele yangu, tunagombana hapo hapo, na sababu ni mwanamke mmoja anayeitwa Spéciose, ambaye kazini wote tulimwita Mama Benite kwa jina la binti yake.

Siku ninayotaka kuisimulia nilimfuata kwake Gihosha saa kumi na mbili asubuhi. Nilikuwa nimetoka kukaa siku mbili kwenye foleni ya kununua esansi ya gari, shingo imekauka kwa kulala kwenye kiti, na sikuwa na hamu ya kusalimiana na mtu. Nikapiga honi. Kutoka mlangoni kwake mpaka barabarani kuna ngazi ishirini na mbili za udongo. Nilizihesabu zote, kwa sababu alizishuka kinyumenyume, mikono imeshika ukuta, kama fundi anayeshuka kwenye paa.

"Mama Benite, leo unashuka kwa nyuma?"

"Magoti yamekataa kushuka kwa mbele. We umekuja kuniangalia ama kunipeleka kazini?"

"Kukupeleka. Lakini leo ungebaki, Mama. Ungesema unaumwa."

"Leo ndiyo siwezi kubaki, na we unajua."

Nilijua. Ofisi ilikuwa imeamua kwamba kila kiongozi wa wageni aliyepita miaka hamsini na tano akaguliwe. Mkaguzi apande naye mpaka juu ya ngome ya Rutare, aone kama bado anaiweza kazi. Anayeshindwa anasimamishwa. Mama Benite alikuwa amebakiza miezi minane tu afikishe miaka sitini na kupata pensheni yake. Miezi minane, baada ya kutumika miaka thelathini na moja! Akisimamishwa sasa, angeondoka na barua ya shukrani na mkono wa kwaheri.

Hilo peke yake lingetosha kumkosesha mtu chakula. Lakini mkaguzi alikuwa na kazi ya pili: kuandika desturi ya mawe saba ya Rutare, iingie kwenye kitabu cha urithi wa nchi. Na hapo ndipo penye balaa, maana desturi ya mawe saba ni ya uongo. Aliitunga Mama Benite mwenyewe. Mi nilikuwepo.

Ngome yenyewe si uongo. Iko kusini mwa mji, juu ya vilima vinavyotazama ziwa. Ni majabali makubwa yaliyolaliana, na katikati yake watu wa zamani walipanga ukuta wa mawe bila udongo wala chochote cha kushikisha, wakaacha mlango mmoja wa kupita mtu mmoja kwa ubavu. Vita vikija walipanda na watoto na ng'ombe wao, wakajifungia humo. Ndivyo wazee wanavyosema, na ukuta upo, nimeugusa. Kupanda kunachukua saa moja na nusu kama una miaka ishirini na huna tumbo kama langu.

Miaka kumi na miwili iliyopita tulikuwa na kundi la walimu kutoka Gitega. Katikati ya njia goti la kulia la Mama Benite likafunga, kama bawaba yenye kutu. Mi nilikuwa nyuma yake nimebeba maji, niliona kila kitu. Hakusema "naumwa." Aliketi juu ya jiwe lililokuwa karibu, akanyoosha mkono kama padri, akasema: "Hapa tunakaa. Watu wa zamani wakikimbia vita walikaa hapa, wakanyamaza mpaka pumzi irudi. Kisha mkubwa wao akauliza: Twese? Yaani, tuko wote, hakuna aliyeachwa nyuma? Wakishajibu Twese ndipo wanaendelea. Na hakuna anayempita mzee aliyekaa."

Walimu wakakaa chini wote. Wakanyamaza. Mmoja akatoa leso akajifuta macho. Mi kicheko kilikuwa kimefika hapa kooni, Mama Benite akanifinya paja mpaka nikakimeza.

Mwaka uliofuata goti la kushoto likamfuata mwenzake, mawe yakawa matatu. Kisha matano. Kisha saba, na siku moja tukakuta watu wa mlimani wenyewe wameyapaka chokaa. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya Mama Benite ilikuwa na mawe saba.

Msimfikirie kuwa mtu wa ulaghai. Alianza kazi na Benite mgongoni, anapiga deki kwenye jumba la makumbusho. Huku anakamua tambara, anasikiliza viongozi wakieleza. Siku moja kiongozi hakuja, wageni wamejaa uwanjani wanaangalia saa. Akaweka ndoo pembeni, akaeleza yote kwa Kifaransa, Kirundi na Kiswahili, na makosa ya yule kiongozi akayanyoosha. Mume wake alikufa mapema kwa malaria. Akamlea Benite peke yake, akamsomesha mpaka akawa mwalimu huko Kajaga. Na kila jioni aliweka miguu kwenye beseni la maji ya moto na chumvi, asubuhi akajipaka mawese, akafunga kitambaa magotini, akavaa sketi ndefu kitambaa kisionekane. Siri hiyo nilimtunzia miaka kumi na miwili. Siri ya mtu ni mzigo, jamani, inakuchosha hata kama si yako.

Basi. Tukamchukua mkaguzi mbele ya ofisi. Alikuwa Madamu Joëlla, mwanamke wa miaka arobaini hivi, viatu vipya vya kupandia mlima, fomu zimebanwa kwenye ubao, kalamu mbili. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa fomu tu.

"Mama Spéciose, umeamkaje?"

"Nimeamka, Madamu. Siku hizi hiyo peke yake ni kazi."

Joëlla akacheka kidogo, akaandika kitu. Sijui aliandika nini mtu akisema ameamka.

Tulisimama Mugere kwenye jiwe la kumbukumbu la wazungu wawili wasafiri waliopita hapo zamani, kwa sababu fomu ilitaka asikilizwe akieleza. Mama Benite akaeleza vizuri kabisa, mkono mmoja juu ya jiwe. Joëlla alidhani ni heshima. Mi niliona vidole vya Mama Benite vimekakamaa kwa kujishikilia.

Chini ya Rutare wapiga ngoma walitupokea kama kawaida, ngoma vichwani, wakapiga, wakaruka. Mama Benite akawaamkia kila mmoja kwa jina, na jina la mke, na hali ya mtoto aliyekuwa na homa. Nilijua anachofanya. Alikuwa anakula muda.

Hapo akatukuta Scholastique, mjane wa mlimani. Nyumba yake iko juu karibu na ngome, na yeye ndiye anayewafungulia wageni uzio wa miiba, kama marehemu mumewe alivyofanya kabla yake. Mwanamke mfupi, sauti kubwa, jembe begani. Tukaanza kupanda wote wanne.

Jiwe la kwanza lilikuwa la furaha. Tulikaa, tukanyamaza, Mama Benite akauliza "Twese?" tukajibu "Twese." Joëlla akaandika. Jiwe la pili, vivyo hivyo. La tatu, Mama Benite alichelewa kuuliza, na jasho lilikuwa linamtoka puani. Kati ya la tatu na la nne alinishika mkono, na tangu nimjue hajawahi kunishika mkono njiani.

"Léonce," akaninong'oneza, "nisukume kidogo kwa nyuma. Lakini isionekane."

"Nikusukume vipi isionekane? Mi ni mutu mukubwa hivi."

"Jifanye unaangalia ndege."

Nikamsukuma huku naangalia ndege. Hakukuwa na ndege hata mmoja. Nilikuwa na hasira, sijui na nani. Na ofisi, na mlima, na hao watu wa zamani waliochagua kukimbilia mahali pa juu namna ile.

Tulifika jiwe la tano. Akakaa. Tukanyamaza, pumzi yangu ikarudi, ya Joëlla ikarudi, ya Scholastique haikuwa imeondoka. Mama Benite hakuuliza. Dakika kumi zikapita. Ishirini. Jua likaanza kutupiga utosini. Joëlla akaangalia saa, kisha akaangalia juu, ambako ukuta wa ngome ulikuwa unaonekana sasa, karibu kabisa.

"Mama, tuendelee?"

"Pumzi bado, Madamu."

"Aa, pole. Basi nitumie muda huu." Akageuza karatasi. "Kitabu kinataka kujua desturi hii ina umri gani, na we uliipokea kwa nani. Niandike ni ya tangu enzi za wafalme?"

Mama Benite alikuwa anaangalia magoti yake. Nikamkonyeza: sema ndiyo, mama, sema ndiyo twende zetu. Neno moja tu. Joëlla akaweka kalamu kwenye karatasi.

"Usiandike," Mama Benite akasema.

"Samahani?"

"Usiandike, binti yangu. Hao watu wa zamani niliwasingizia. Hawakukaa hapa. Niliyekaa ni mimi." Akapandisha sketi, akafungua kitambaa. Magoti yalikuwa yamevimba, yanang'aa kwa mawese. "Hii ndiyo desturi yenyewe. Magoti yangu. Kila yalipokataa nilikaa, na kila nilipokaa nilitunga. Miaka kumi na miwili nimewadanganya wageni, na leo nimechoka. Nimechoka kupanda, nimechoka kudanganya. Andika hiyo."

Nikafunga macho. Miezi minane, nikawaza, imekwisha hapa kwenye jiwe la tano.

Joëlla akaangalia magoti, akaangalia karatasi. Halafu akafanya kile mtu wa fomu anachofanya: akasimama, akapangusa suruali. "Basi nitapanda mwenyewe nikaone ukuta, nirudi. Fomu inataka nifike juu." Akainua mguu kupita.

Jembe likashuka mbele yake. Scholastique.

"Unakwenda wapi?"

"Juu, mama."

"Huoni mzee amekaa? Hapa hakuna anayempita mzee aliyekaa."

"Lakini amesema mwenyewe, mama. Desturi si ya kweli."

Yoo! Ningejua nisingesimama katikati yao. Scholastique alimwacha Joëlla, akamgeukia Mama Benite, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Magoti yako? We Spéciose, unaniambia magoti yako? Mume wangu alipokufa mwaka jana tulimshusha kwa njia hii, kwenye ngobyi, wanaume wanne begani. Kila jiwe tulimweka chini. Tukanyamaza. Nikauliza mi mwenyewe, Twese? Na watu wakajibu Twese, na yeye tukamhesabu. Mara saba tulimhesabu! Mara saba bado alikuwa mmoja wetu, ndipo nikaweza kumwachia gari limpeleke makaburini. Na mke wa jirani yangu alipopata uchungu, alishushwa hivyo hivyo, akafika hospitali akijua hakuachwa. Sasa unaniambia nilimuaga mume wangu kwa magoti yako?"

Mama Benite akashusha sketi, akafunika magoti.

"Nani alikuuliza ilitoka wapi?" Scholastique akaendelea, sauti imeshuka. "Hata sisi tulijua. Tuna macho. Unadhani hatukuona mtu anayepanda kama mbuzi aliyevunjika mguu? Tulisema, mwacheni apumzike. Kisha tukaona na sisi tumechoka."

Chini kabisa ziwa lilikuwa linang'aa na mitumbwi michache. Joëlla akakaa tena, polepole, pale pale alipokuwa. Hakuandika kitu.

Mwishowe Mama Benite akajaribu kuinuka. Nikamshika upande mmoja, Joëlla upande wa pili. Goti halikukubali. Tukajaribu tena, akatoa sauti ndogo ambayo sikuipenda hata kidogo.

"Mkaniitie wanaume wa juu," akasema Scholastique, kisha akajijibu mwenyewe: "Apana, nitaita mimi." Akaweka mikono mdomoni akapiga ukelele ambao nadhani hata Gatumba waliusikia.

Walikuja wanne na ngobyi, ile machela ya kusukwa ambayo kila mtaa wa mlimani unayo kwa ajili ya wagonjwa. Mkubwa wao aliitwa Rénovat, mtoto wa kwanza wa Scholastique, mwanamume mwenye ndevu na watoto watatu. Wakamlaza Mama Benite, wakamfunika kitenge miguuni, wakamnyanyua. Akaona haya mpaka akajifunika uso.

Tukashuka. Kufika jiwe la nne, wakaiweka ngobyi chini.

"Mbona mnasimama?" akauliza Mama Benite chini ya kitenge.

"Tunakaa, Mama."

"Mi siyo maiti! Endeleeni!"

"Mama Benite," akasema Rénovat, "nikipita hapa bila kukaa, mama yangu atanipiga mbele ya watu."

Wakakaa. Wakanyamaza. Pumzi zao zikarudi. Scholastique akauliza, "Twese?" Wote wakajibu "Twese," na mi nikajibu, na Joëlla naye akajibu. Aliyekuwa ndani ya ngobyi hakujibu. Ikawa hivyo jiwe la tatu. Ikawa hivyo la pili. Niliona kitenge kimeloa pale usoni.

Kwenye jiwe la kwanza, hatua chache kutoka kwenye gari langu, Joëlla aliomba ukimya uongezwe kidogo. Akaweka ubao juu ya magoti, akaandika mbele yetu, akasoma kwa sauti anavyoandika.

"Kitabu cha urithi: watu wa Rutare wanapumzika kwenye mawe saba, na wanahesabiana. Tangu lini, sikuandika. Kwamba wanafanya, nimeona kwa macho yangu." Akageuza karatasi. "Ukaguzi wa kiongozi: fomu inasema mkaguzi na kiongozi wafike juu pamoja. Mi sikufika juu, kwa sababu ya desturi ya mahali. Kwa hiyo ukaguzi haukukamilika. Urudiwe."

Mama Benite akatoa kitenge usoni. "Utarudiwa lini, Madamu?"

"Kwenye ofisi yetu?" Joëlla akacheka, kicheko cha mtu aliyechoka na yeye. "Mama, mi niliomba kiti kipya mwaka juzi. Mpaka leo nakaa kwenye kile chenye mguu mmoja wa matofali."

Nikapiga hesabu haraka: pensheni itafika kabla ya ukaguzi huo. Miezi minane. Nikataka kupiga kelele, nikajizuia, maana hatukuwa tumejibu bado na jiwe lilikuwa halijakwisha.

Lakini Mama Benite hakucheka. Alimwangalia Scholastique aliyekuwa amekaa chini karibu na kichwa chake, jembe limelala mapajani.

"Scholastique. Nisamehe juu ya mume wako."

"Nikusamehe nini? Yeye hakuachwa nyuma." Scholastique akavuta kitenge, akamfunika vizuri magoti yale yaliyovimba. "Na we hatukuachi. Sasa jibu, wanaume wamechoka kukubeba. Twese?"

Tukanyamaza wote tukimsubiri yeye. Alikaa muda, akavuta pumzi, ikarudi.

"Twese," akasema.

Wakanyanyua ngobyi, na mi nikaenda kufungua mlango wa gari.